Gunia Likitoka Lisirudi Ndani

Ukurasa wa Nyumba: maswali ya wasomaji wa Tabora

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: nyumba imejaa, na kila tukijaribu kupunguza, vitu vinarudi vilikotoka. Tumejibu tano.

SWALI: Tunaishi Isevya, vyumba vitatu na stoo, watu sita. Kila mwaka nachagua Jumamosi moja, natoa vitu vyote nje nipunguze. Jumapili jioni karibu vyote vimesharudi ndani, vingine vimehamia chini ya kitanda. Nakosea wapi? Halafu nina madumu 29 ya lita 20. Nibakize mangapi?
*Mama wa watoto wanne, Isevya*

JIBU: Dada yetu, mikono yako haina kosa. Kosa ni kwamba unachambua kabla hujajua vitu vinakwenda wapi. Gunia la nguo likilala barazani bila mwenye kulichukua, usiku mtaliingiza ndani lisiibwe wala lisinyeshewe. Likishaingia, kazi ya siku nzima imekwisha.

Kwa hiyo anza wiki moja kabla, na usiguse kitu. Tafuta wachukuaji: mnunuzi wa vyuma chakavu, muuza mitumba au jamaa mwenye watoto wadogo kuliko wako, fundi wa vitu vinavyotengenezeka, na mahali pa takataka. Kila mmoja mpe siku na saa, na siku hiyo iwe ile ile ya kuchambua, alasiri. Yule asiyeweza kuja, vitu vyake mpelekee kwa bodaboda kabla ya magharibi. Nauli hiyo ihesabu kama sehemu ya kazi.

Usianze na stoo. Stoo ina vitu vya watu wengi na kumbukumbu nyingi, itakuchosha ukiwa bado mbichi. Anza na kabati la vyombo, saa mbili mpaka saa nne asubuhi, kabla jua halijakaza. Tandika turubai uani, toa vyombo vyote mpaka kabati libaki tupu, kisha panga vya aina moja pamoja. Ukichagua kikombe kimoja kimoja ndani ya kabati, kila kimoja utakitetea. Ukiviona vikombe 31 vimejipanga mbele ya familia ya watu sita, hesabu inasema yenyewe. Weka idadi kabla ya kuchagua: tuseme sahani mbili kwa kila mtu na kumi za wageni, mashuka jozi tatu kwa kila kitanda (moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja akiba). Ukishajaza idadi kwa vile vizuri kuliko vyote, vilivyobaki vimeshajichagua.

Andaa viroba vinne vya kilo 50 na kalamu ya wino mzito. Kimoja cha kutoa, kimoja cha kuuza, kimoja cha takataka. Cha nne ni cha vitu unavyosita, na hiki ndicho kinachoharibu kazi ya wengi, kwa sababu kinakaa bila tarehe. Kishone mdomo, kiandike tarehe ya miezi mitatu mbele. Kama hakuna aliyekifungua kutafuta kitu, kitoke kimeshonwa vile vile. Ukikifungua kukagua, utaanza kusita upya.

Kinachokwenda kwa jamaa kiwe kizima. Suruali isiyo na zipu na sufuria iliyotoboka, ukimpa mtu, umemhamishia takataka zako naye akaona haya kukataa. Fulana za pamba zilizochakaa zikate vipande vya mraba vya sentimita 40, vipande kumi vinatosha kuwa matambara ya nyumba nzima. Za poliesta usihangaike nazo, hazinyonyi maji.

Tunajua utajiambia akiba haiozi. Chakula cha akiba tunakubali, ingawa hapo chini mzee wetu wa Sikonge ana neno. Lakini soli za plastiki za viatu vilivyofungiwa miaka zinamumunyuka siku ya kwanza vinapovaliwa, mpira wa jiko la gesi unapasuka, sponji ya godoro inageuka unga, betri inavuja. Hivi vinaoza vikiwa vimetulia. Na kabati la plastiki au masanduku ya kupangia usinunue kabla ya kumaliza kupunguza. Wengi hununua kwanza, wakapata pa kufichia zaidi.

Sasa madumu. Hapa hatukubaliani na wanaosema tupa yote. Tabora tumezoea kukinga maji, na hata baada ya maji ya Ziwa Victoria kutufikia, bomba linaweza kukauka siku mbili. Piga hesabu: watu sita, lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 120. Siku mbili ni 240, yaani madumu 12. Ongeza mawili ya akiba. Bakiza 14, toa 15.

Yapi yatoke? Yanuse yakiwa yamefunikwa usiku kucha. Lililowahi kubeba petroli, dizeli au dawa ya shamba halirudi kwenye maji hata ulioshe mara kumi, kwa kuwa plastiki inanyonya. La mawese, yale yanayotufikia kutoka Kigoma, linaoshwa lakini lina mahali pa kujificha. Mawese huganda hewa ikipoa, hivyo tia maji ya moto lita tatu, sabuni ya unga na konzi ya kokoto, tikisa, acha dakika 15, tikisa tena, mwaga. Kisha mulika tochi ndani ukitazama kwenye mkono wa dumu. Mkono una uwazi ndani, na pale juu, mahali kokoto hazifiki, utaona utando wa rangi ya chungwa umeng'ang'ania. Ligeuze kichwa chini maji ya moto yajae mkononi, rudia mara tatu. Harufu ikibaki, libaki dumu la mafuta. Usimuuzie mtu wa asali, maana asali huvuta harufu upesi, na dumu moja litamharibia mzigo.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71. Stoo yangu ina magunia ya zamani, mizinga ya magome isiyotumika, mbao na makopo ya dawa za tumbaku. Kila mwaka mahindi yanatobolewa, na kwenye mbao naona unga mweupe. Wanangu wanataka kuchoma kila kitu. Nao wanasema kweli?
*Mkulima, Sikonge*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Wanao wamekosea njia tu. Lengo lao ni jema. Unga huo ni alama ya dumuzi, yule mliyemwita Skania alipoingia. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na barani Afrika alionekana kwanza katika mkoa wetu huu wa Tabora, akaripotiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4, mwili wa duara kama kipande cha kijiti, rangi ya kahawia iliyoiva. Mahindi na makopa ndiyo anayozaliana vizuri, lakini mbao kavu anaweza kuzitoboa na kujificha humo. Ndiyo maana ukiondoa mahindi mabovu peke yake, mavuno yanayofuata yanashambuliwa tena: mdudu alikuwa kwenye gunia la zamani na kwenye mbao za stoo hiyo hiyo.

Safisha kabla ya mavuno mapya, Aprili au mwanzoni mwa Mei. Toa vyote nje. Mabaki ya mahindi ya zamani, hata kilo mbili kwenye pembe ya gunia, yasichanganywe na mapya. Kama yamekuwa unga, yafukie nusu mita chini. Fagia mianya ya ukuta na juu ya boriti, kwa sababu vumbi la huko lina wadudu ndani yake. Magunia mazima yachemshe kwenye pipa, kisha yaanike mpaka yakauke kabisa. Yaliyochanika hayafai kushonwa upya. Mbao zenye matundu ya duara na unga unaodondoka ukigonga, hizo ndizo za kuni, na zichomwe wiki hiyo hiyo. Zikirundikwa nyuma ya nyumba, mdudu atarudi mwenyewe. Mbao ya mninga iliyo nzima ni mali, ipanguse, itunze.

Mizinga ya magome, kama haina matundu na kuna kijana anayefuga nyuki, mpe mwaka huu. Vitu vitakavyorudi stoo viinue kwenye chaga sentimita 15 kutoka sakafuni, na acha nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ili fagio lipite na paka apite. Panya anapenda njia iliyobanwa kati ya mzigo na ukuta.

Makopo ya dawa ndiyo tunayokuomba, mzee wetu, usiruhusu yachomwe. Moshi wake ni sumu. Kopo tupu lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe kwenye bomba la kunyunyizia na yapigwe shambani, kisha kopo litobolewe lisije likatekewa maji. Lenye dawa isiyo na lebo usilifungue wala kulinusa. Lisimamishe kwenye ndoo yenye mchanga mahali watoto hawafiki, na umwite afisa ugani wa kata. Chama cha msingi kilichowapa pembejeo nacho ulizeni kama kinapokea makopo.

SWALI: Mume wangu hataki kuachia televisheni ya kichogo, betri mbili za gari, nyaya na mkusanyiko wa vyuma, vingine vya reli ya zamani. Asema vina thamani. Nimshawishi vipi?
*Mke wa fundi, Ng'ambo*

JIBU: Shemeji yetu ana haki kidogo: vina thamani, ila inapungua kila mwezi vinapokaa. Mwombe akubali jambo moja tu, kuleta mnunuzi mwenye kibali aseme bei. Akiisikia kwa masikio yake, mengine yatakuwa mepesi kuliko maneno yako. Kabla mnunuzi hajafika, tenganisheni shaba, aluminiamu na chuma cha kawaida. Mkivichanganya, vyote vitapimwa kwa bei ya chuma, ndiyo ya chini.

Nyaya msizichome kutafuta shaba, moshi wa plastiki yake unadhuru mapafu na shaba yenyewe inatoka imeungua. Betri zikae wima, kamwe msizipindue kumwaga maji: hayo ni asidi, na ndani mna risasi inayodhuru ubongo wa mtoto. Televisheni msiivunje. Kioo chake kina risasi, na ndani vipo vifaa vinavyoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Mpelekeeni fundi wa vifaa vya umeme achukue ikiwa nzima.

Vyuma vya reli, yaani mataruma, vishikizo na vipande vya reli, haviuzwi. Hata kama vimekaa uani tangu enzi za babu, mnunuzi na muuzaji wote wanaweza kushtakiwa. Vitoeni kwenye rundo, mkatoe taarifa stesheni.

SWALI: Mama mkwe alifariki mwaka jana. Sanduku lake na kabati zima la nguo viko chumbani kwetu. Wifi zangu hawavigusi, mimi naogopa kuvitoa. Nifanyeje?
*Mkamwana, Kiloleni*

JIBU: Pole sana, mwenzetu. Umefanya vizuri kuogopa. Vitu vya marehemu ni vya warithi wote mpaka vigawanywe, hata kanga moja, na mkwe akigawa peke yake, mgogoro unaweza kudumu miaka. Mwambie mumeo awaite ndugu zake, wakae siku moja ya mapumziko, na kama kuna msimamizi wa mirathi awepo.

Siku hiyo wewe leta daftari. Andikeni kila kitu kabla ya kugawa: kanga doti ngapi, vitenge vingapi, vyombo, karatasi. Pekueni mifuko ya nguo na pindo za kanga zilizofungwa, kwani mama zetu waliweka pesa, pete na stakabadhi humo. Doti ya kanga msiitenganishe bila sababu. Kila mtoto achague kitu kimoja cha kumbukumbu kwanza, kuanzia mkubwa, ndipo yanayobaki yagawanywe au yatolewe sadaka. Vya kutolewa vitoke siku hiyo hiyo wote wakiwa wanaona. Nguo zilizokaa mwaka zipigwe jua siku mbili, zikung'utwe, maana nondo hutaga kwenye mikunjo ya sufu.

SWALI: Karatasi zimejaa droo tatu. Zipi nitupe?
*Mfanyabiashara mdogo, Cheyo*

JIBU: Hati ya kiwanja, mkataba wa mauziano, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule havitoki kamwe. Viweke kwenye bahasha moja ya plastiki, juu ya kabati mbali na mchwa, na nakala kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine. Kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, kama sheria ya usimamizi wa kodi inavyotaka. Risiti za mashine zimechapwa kwa joto na hufifia, hivyo ya kitu chenye dhamana au ya kodi itoe fotokopi leo. Karatasi za LUKU zilizokwisha kuingizwa, bili zilizolipwa za zaidi ya miaka 5 na kalenda za zamani, hizo toa. Zenye namba ya kitambulisho au ya akaunti zichane kwanza, au ziloweke ndoo ya maji usiku mmoja na uzifinyange kuwa tope. Muuza karanga asije akafungia bidhaa yake kwa jina lako na namba zako.