Rangi ya Mnara Isubiri, Anza na Shimo

Msomaji ameuliza wapake rangi gani mnara wa mgodi uliofungwa ambao wanataka kuuhifadhi, yaani ule wa chuma uliosimama juu ya shimo la kushukia mgodini. Ndugu yangu, rangi isubiri. Mnara unaonekana, ndiyo maana watu humalizia fedha zote hapo huku shimo likibomoka kimya kimya.

Shimo refu hupumua. Mgandamizo wa hewa ukishuka, kama mvua kubwa inapokaribia, hewa ya chini hupanda ikiwa na oksijeni kidogo, na kwenye migodi ya makaa ya mawe huja na methani, gesi inayowaka. Pua haitakuokoa, methani haina harufu. Shusha kipimo cha gesi kwa kamba: oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5, ondokeni mdomoni mwa shimo. Methani ikifika asilimia 5 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua, kwa hiyo fundi asichomelee chochote juu ya shimo kabla ya kupima.

Mfuniko wa zege na nondo ukae juu ya mwamba. Ukikaa juu ya kifusi, maji yakipanda, kifusi hushuka na mfuniko hufuata. Uachieni bomba la kupumulia na kitundu cha kupimia kina cha maji. Ukizibwa kabisa, gesi itatafuta upenyo mwingine, pengine chini ya nyumba ya jirani.

Matimba, yaani nguzo za mbao zinazoshikilia shimo, yakiwa yamezama majini muda wote hudumu. Yanayooza ni yale ya pale maji yanapopanda na kushuka, kwa hiyo msiwashe pampu leo na kuizima kesho.

Sasa mnara. Kutu huanzia kwenye maungio, pale mabamba mawili yalipopandana. Kutu huvimba, hutanua mabamba, na ribiti, yaani pini za chuma zinazoyashika, hukatika vichwa. Gonga kila ungio kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu. Msiikwangue ikiwa kavu, iloweshwe na mabaki yote yakusanywe.

Mifano ipo. Zollverein kule Essen, Ujerumani, mgodi wa makaa ya mawe ulifungwa 1986 na mwaka 2001 ukaingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watalii hupiga picha mnara wa shimo namba 12, lakini maji ya chini yaliendelea kupampiwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa. Big Pit, mgodi wa makaa ya mawe uliogeuzwa makumbusho huko Wales, wageni hushushwa mita 90 hivi, na kabla ya kuingia kwenye lifti huacha juu simu, saa za betri na viberiti.