Kamera ya kuegeshea kwenye gari la kasi lililotumika

SWALI

Ndugu mwandishi, salamu nyingi kutoka mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi. Baada ya miaka mingi ya kuuza vipuri vya mitambo ya migodini, nimeamua kununua gari nililolitamani tangu ujana wangu, yaani Audi R8 ya silinda 10 iliyotumika. Jamaa yangu aliyeko Dubai amenionea magari mawili, yote ya mwaka 2010 na yote ya usukani wa kushoto. La kwanza lina kamera ya nyuma pamoja na vihisi vya kuegeshea vilivyofungwa kiwandani. La pili halina hata kimoja, lakini limetembea kilomita chache zaidi, daftari lake la matengenezo limekamilika, na bei yake imepungua kwa dola 4,000. Mke wangu hataki kusikia habari za gari lisilo na kamera, kwa sababu uani kwetu kuna wajukuu watatu. Mdogo wangu anasema kamera ni ya wasiojua kuendesha. Lango letu ni jembamba, na mbele yake umepita mtaro wa maji uliofunikwa kwa vibao viwili vya saruji. Je, vifaa hivyo vina thamani ya fedha hizo, na nikichukua gari lisilo navyo ninaweza kufungiwa vifaa hivyo hapa mjini?

Baba wa wajukuu watatu, Golf

JIBU

Baba, asante kwa barua iliyoeleza hata hali ya lango, kwa maana lango hilo ndilo linaloamua jibu langu kuliko gari lenyewe. Mama ana haki kuhusu kamera. Hata hivyo, mimi ningechukua gari la pili, lenye daftari kamili, kisha ningelifungia kamera kabla halijaingia uani hata mara moja. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na mdogo wako, kwa kuwa hoja yake huisikia kila ninapozungumza na wenye magari ya namna hii.

Anayesema kamera ni ya wasiojua kuendesha hajapata kukaa ndani ya gari ambalo injini yake iko nyuma ya viti. Katika R8 dereva hutazama nyuma kupitia kioo kilicholala juu ya injini, na kutoka hapo huona mbingu, paa za nyumba na sehemu ya juu ya gari linalomfuata. Chochote kilicho chini ya kimo cha kiuno na karibu na bampa hakionekani kabisa. Akigeuza shingo kutazama kwa bega la kulia, anakutana na mbavu pana za gari na nguzo nene ya paa. Upana wake ni takriban mita 1.9 bila kuhesabu vioo vya pembeni, ilhali Toyota Vitz tulizozizoea zina takriban mita 1.7. Waliotengeneza magari haya walilijua tatizo hilo tangu zamani. Lamborghini Countach, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, ilikuwa na uonekano mbaya wa nyuma kiasi kwamba madereva wake walizoea kufungua mlango ulioinuka juu, kukaa ukingoni mwa gari huku mguu mmoja ukibaki kwenye pedali, na kurudi nyuma wakiwa wamegeuza kichwa nje. Hao walikuwa madereva hodari, na bado walilazimika kutoa nusu ya mwili nje ili waone.

Kuhusu wajukuu sitaki kuzungukazunguka. Nchini Marekani sheria iliyopitishwa mwaka 2008, baada ya mtoto wa miaka miwili kufa kwa kugongwa na gari la baba yake mwenyewe lililokuwa likirudi nyuma, ndiyo iliyofanya kamera ya nyuma kuwa ya lazima kwa magari yote madogo mapya kuanzia Mei 2018. Wakati kanuni hiyo inaandikwa, mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilikadiria kwamba ajali za kurudi nyuma huua watu 210 hivi kila mwaka na kujeruhi takriban 15,000, na kati ya wanaouawa wengi ni watoto wadogo na wazee. Ajali hizo hutokea penye mwendo wa mtu anayetembea, mara nyingi nyumbani, na mara nyingi dereva ni ndugu wa anayegongwa. Mtoto aliyechutama nyuma ya R8 kuokota mpira wake haonekani kwenye kioo chochote kati ya vitatu. Kwa sababu hiyo pekee ningekubaliana na Mama hata kama kamera ingegharimu mara tatu ya bei yake.

Hata hivyo kamera na vihisi ni vitu viwili tofauti, na wauzaji huvitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni kimoja. Kihisi kile cha duara kwenye bampa hutoa sauti ya juu isiyosikika na sikio la binadamu, kisha husubiri mwangwi urudi. Kadiri mwangwi unavyorudi haraka ndivyo mlio ndani ya gari unavyoongezeka. Kifaa cha namna hiyo hukuambia kuna ukuta, kuna gari jingine, kuna pipa. Sasa fikiria mtaro wako. Shimo halirudishi mwangwi. Gurudumu linaweza kukaribia ukingo wa kibao cha saruji, likaning'inia, likazama, na kihisi kisitoe mlio wowote, kwa sababu kwa elimu yake mbele yake ni kweupe. Mji wetu umejaa mitaro hii tunayoiita kanivo, mingine mirefu kuliko goti, na wakati wa mvua hujaa maji mekundu hadi usiweze kutofautisha mtaro na barabara. Kwa Lubumbashi, basi, vihisi ni msaada mdogo, na sioni sababu ya kuvilipia. Kamera angalau huonyesha ukingo wa saruji ulipo.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo lina gharama kubwa kuliko yote. Hukuniambia magari hayo yana gia za aina gani. R8 ya mwaka 2010 ilitoka ama na gia za mkono sita, ama na gia za R tronic, ambazo hazina pedali ya klachi lakini klachi yenyewe imo ndani, ikibanwa na kuachiwa kwa haidroliki badala ya mguu wako. Gia za klachi pacha, zinazovumilia zaidi, zilikuja kwenye R8 mwishoni mwa mwaka 2012. Kama gari lako ni la R tronic, kila unaposogea kidogo mbele, ukasimama, ukarudi kidogo, ukasimama tena huku gari likipanda kijilima cha langoni, klachi inasuguana na kupata moto. Dereva asiyeona hurudia hivyo mara tano au sita kila jioni. Anayeona huingia kwa mara moja au mbili. Wenye magari haya wanajua kwamba klachi moja inaweza kuisha mapema kwa ajili ya lango tu, na kuibadilisha hapa, ambako kifaa lazima kiagizwe na fundi lazima atafutwe, ni gharama inayoweza kuizidi hiyo tofauti ya dola 4,000. Hapo ndipo ninapoona kamera inarudisha fedha yake.

Lakini mbona basi nakushauri uchukue gari lisilo nayo? Kwa sababu kamera inaweza kuongezwa, na daftari la matengenezo haliwezi. Miaka ambayo gari halikubadilishiwa mafuta hairudi. Isitoshe, hilo lenye vihisi linahitaji kukaguliwa kwa jicho kali. Mwambie jamaa yako achuchumae mbele ya bampa akiwa na tochi, avitazame vihisi kimoja kimoja. Viwe vimekaa sawa na uso wa bampa, rangi yake iwe ileile, na isiwe nene. Kihisi kilichopakwa rangi mara ya pili hupiga kelele ovyo au hunyamaza kabisa. Kisha afungue daftari na kutafuta karatasi ndogo yenye misimbo ya vifaa ambayo Audi huibandika ndani yake. Ikiwa karatasi inasema gari lilitoka na vihisi mbele na nyuma, na bampa ya mbele haina matundu yake, ujue bampa hiyo si ya kwanza, na uulize ya kwanza ilipatwa na nini. Ikiwa matundu yapo na karatasi haisemi kitu, basi mtu alitoboa. Mara mbili nimeona ukaguzi huu wa dakika kumi ukifichua ajali ambayo muuzaji hakuitaja.

Sasa kuhusu kufungiwa kamera hapa mjini. Inawezekana, na kazi yenyewe si ngumu kwa fundi wa umeme aliyetulia, lakini kuna sharti moja ambalo naomba ulisimamie mwenyewe ukiwa umesimama garajini: asitoboe bampa. Kamera iwekwe pale ilipo taa ya namba ya gari, au kwenye fremu ya kushikia namba, na waya upite ndani pamoja na nyaya za kiwanda, ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha kuhimili joto, kwani injini iko hapo hapo nyuma. Picha inaweza kuonekana kwenye kioo cha ndani chenye skrini, ambacho huvishwa juu ya kile cha kawaida na huweza kuondolewa siku ya kuuza gari bila kuacha alama. Atakayelinunua kwako baadaye atataka gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, na tundu moja kwenye bampa hupunguza bei kuliko kamera inavyoiongeza.

Uweke pia kamera ya pili, mbele. Najua hukuiomba. Pua ya R8 imeinama na kurefuka mbele ya magurudumu, na kutoka kwenye kiti haionekani. Mwaka jana nilisimama kwenye lango la nyumba moja ya Bel-Air nikitazama gari la aina hii likitoka. Mlinzi alikuwa mbele, akirudi kinyumenyume na kuita kwa mkono, "Kuya, kuya, bado, kuya." Aliutazama ukuta wa kushoto, akautazama wa kulia, nafasi ilikuwepo pande zote. Hakuna aliyetazama reli ya chuma ya lango la kusukuma, iliyochomoza kutoka kwenye saruji kama vidole vitatu vilivyolazwa. Tulisikia mlio mwembamba, kama ukucha unaopita juu ya bati, na gari lilipovuka, mdomo wa chini wa bampa ulibaki umening'inia upande mmoja. Kamera ndogo chini ya namba ya mbele ingeionyesha reli ile. Lamborghini Gallardo, ambalo ni ndugu wa karibu wa R8, liliweza kuagizwa na kifaa cha kuinua pua kwa sentimita chache, na atakayekuwa anachagua gari lenye kifaa hicho akitangulize mbele ya kamera zote. Wewe kwa R8 yako mwite fundi mwashi amimine saruji pembeni mwa reli hadi iwe mteremko laini, na vibao vya mtaro aviunganishe viwe kimoja kipana. Kazi ya siku mbili.

Kamera ikishafungwa, usiiamini kabla ya kuipima. Lenzi zake ni pana na hufanya kitu kionekane mbali kuliko kilivyo. Weka jiwe nusu mita nyuma ya bampa kwa kipimo cha futi, kaa kwenye kiti, uone jiwe linaangukia mstari upi kwenye skrini. Halafu lisogeze hadi mita moja na mbili. Ukifanya hivyo mara moja utaisoma picha kwa miaka. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu huifunika lenzi kwa siku moja tu, na kuifuta ikiwa kavu ni kuikwaruza: mimina maji kwanza, ndipo uguse kwa kitambaa laini. Na wajukuu wafundishwe kwamba injini ile ikiguruma, wao wanakaa barazani, kamera iwepo isiwepo.

SWALI FUPI

Mimi nilikwisha kufunga kamera ya dukani kwenye gari langu la Kijerumani. Nikiweka gia ya kurudi nyuma picha inacheza, inazima na kuwaka. Fundi amebadilisha kamera mara mbili bila mafanikio.

Msomaji wa Kamalondo

JIBU

Kamera haina kosa. Fundi amechukua umeme wake kwenye taa ya kurudi nyuma, na katika magari mengi ya Ulaya ya miaka hii kompyuta haiipelekei taa hiyo umeme tulivu, bali huukatakata mara nyingi kwa sekunde, upesi kiasi kwamba jicho haliuoni kwenye balbu lakini kamera inauhisi. Mwambie aweke rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, yenye kapasita, yaani kifaa kinachotuliza umeme unaokatika: waya wa taa ya nyuma uamuru rilei tu, na kamera ipate umeme wake kwenye waya mwingine wa volti 12 uliotulia, wenye fyuzi yake. Kamera zile mbili alizozitoa umwombe akurudishie. Moja itakufaa kwa pua ya gari.