Kabla ya dodoso, uliza maji

Wadogo zangu mnaoanza uzamili au uzamivu kwenye upande wa jamii wa hifadhi ya mazingira, nianze na kosa langu.

Nilikuwa nafanya utafiti juu ya kufunga miamba ya pweza: kijiji kinakubaliana kupumzisha sehemu ya mwamba, mara nyingi kwa miezi mitatu. Pweza hukua haraka mno, hivyo hata muda huo mfupi unaonekana kwenye mzani. Barua ya utambulisho ilikuwa imepita wilayani na katani hadi kwa mtendaji wa kijiji, dodoso nimeshalichapa. Siku ya mkutano wanaume wakajaa. Mwanamke alikuwa mmoja tu, bibi mtu mzima, naye akaniambia: "Mwanangu, leo bamvua. Wenzangu wako mwambani."

Bamvua ni siku ambazo bahari hupwa mno, na katika vijiji vingi vya pwani yetu, wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakipwa ni wanawake. Nilikuwa nimewaita siku yao ya kazi! Nikarudi maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana, tukakaa mkekani, ndipo nikasikia jambo ambalo dodoso langu halikuwa na nafasi yake: mwamba uliofungwa ni ule wa karibu, wanaoufikia wao. Wenye mitumbwi walisogea mbele wakaendelea kuvua. Nani basi alikuwa akilipia hifadhi ile? Tasnifu yangu ilizaliwa pale.

Mtaulizwa sana nyinyi ni wa fani gani hasa. Lisiwasumbue. Elinor Ostrom alisomea sayansi ya siasa, tasnifu yake ya 1965 ilihusu maji ya chini ya ardhi huko California, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, kwa kuonyesha jinsi watumiaji wa msitu, malisho au bahari wanavyoweza kujiwekea sheria na kuzisimamia wenyewe. Ila jifunzeni na biolojia kiasi cha kuuliza maswali ya maana.

Na fedha za kurudisha matokeo kijijini ziwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, mzitetee, maana ndizo hukatwa kwanza. Mimi nilirudi na kurasa mbili za Kiswahili. Kamati ikazisoma kwa sauti, ikanisahihisha majina mawili ya miamba. Yule bibi akauliza mkutano ujao lini. Nikamjibu: mwezi mwandamo, siku ya nane, maji yakiwa mafu.