Kazi ya nyuma ya pazia inasoma data ya zamani: tatizo ni uhai wa vitegemezi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza mfumo wa SACCOS kwa C#, ASP.NET Core 8 na EF Core (maktaba ya kusoma na kuandika kwenye hifadhidata). Kuna kazi inayojiendesha kila dakika 5, inalinganisha malipo ya simu yaliyoingia na namba za wanachama. Kwenye laptop programu inagoma kuwaka, inasema: "Cannot consume scoped service 'SaccosContext' from singleton 'Microsoft.Extensions.Hosting.IHostedService'". Kwenye seva inawaka vizuri, ila karani akisahihisha namba ya mwanachama, kazi hiyo inaendelea kuona namba ya zamani mpaka tuzime na kuwasha upya. Mwenzangu ananishauri niisajili SaccosContext (klasi yetu ya EF Core inayozungumza na hifadhidata) kuwa Singleton. Nifanye hivyo? Na je, katika DI (dependency injection, yaani klasi kupewa vitu inavyovihitaji badala ya kuviunda yenyewe) ni lazima kila klasi iwe na intafesi yake?

Jibu: Usiifanye Singleton. Ujumbe utaondoka, ugonjwa utabaki, tena utaenea hadi kwenye kurasa za makarani.

Tuanze na kontena ya DI. Klasi inaposema kwenye konstrakta kwamba inahitaji kitu fulani (kitegemezi), kontena ndiyo inayokiunda na kuikabidhi. Ulipokisajili kitu hicho uliiambia pia kiishi muda gani. Singleton huundwa mara moja, hutumika mpaka programu izimwe. Scoped hudumu ndani ya skopu moja, yaani kipindi cha kazi chenye mwanzo na mwisho, na kwenye wavuti kila ombi lina skopu yake. Transient huundwa upya kila inapoombwa. `AddDbContext` husajili SaccosContext kuwa Scoped. `AddHostedService` husajili kazi yako kuwa Singleton. Kwa hiyo ulipoiweka SaccosContext kwenye konstrakta ya kazi hiyo, kitu cha maisha mafupi kimeshikwa na kitu kisichokufa, nacho hakiwezi kufa tena.

Kwa nini laptop inalalamika na seva inanyamaza? Kwenye mazingira ya Development, ASP.NET Core huwasha ukaguzi wa skopu. Laptop yako iko Development kwa sababu ya `launchSettings.json`. Seva isipopewa `ASPNETCORE_ENVIRONMENT` huhesabiwa kuwa Production, na huko ukaguzi umezimwa. SaccosContext inatolewa kwenye skopu kuu ya programu, inakaa humo siku zote.

Sasa hiyo namba ya zamani. Tuseme malipo yameingia na namba 1074, mwanachama halisi ni 1047. Kazi inayasoma, haimpati mwanachama, inayaacha na hali "Inasubiri". Karani anasahihisha. Baada ya dakika 5 kazi inauliza tena malipo yote yanayosubiri, na ukifungua logu utaona SQL imetumwa kweli na hifadhidata imejibu 1047. Lakini EF Core inakumbuka kila kitu ilichokwisha kukisoma kwa ajili ya kufuatilia mabadiliko. Ikikuta safu yenye ufunguo ambao tayari inaufuatilia, inakurudishia kile kitu cha mwanzo kilichomo kwenye kumbukumbu, na thamani zake za mwanzo hazibadiliki. Ndiyo maana unaona 1074. Orodha hiyo haipungui, kwa hiyo RAM nayo itakuwa inapanda polepole. Angalia grafu ya seva yako.

Ukifuata ushauri wa mwenzako, kazi hii na maombi yote ya wavuti yatagawana SaccosContext moja. Haikuundwa kutumiwa na nyuzi mbili (threads) kwa wakati mmoja. Makarani wawili wakibofya kwa pamoja utapata "A second operation was started on this context instance before a previous operation completed". Hiyo ni nafuu, maana inaonekana. Kibaya zaidi ni `SaveChanges` ya karani mmoja kuhifadhi mabadiliko ya mwingine ambaye hajamaliza. Transient nayo si dawa: kazi itapewa kitu kimoja siku inapoundwa na kukishikilia vilevile.

Dawa ni kufungua skopu mpya kila mzunguko. Tenganisha kwanza vitu viwili: kinachohesabu dakika na kinacholinganisha malipo. Mantiki yote ihamie kwenye klasi ya Scoped, hapa `MlinganishoWaMalipo`, ambayo inaomba SaccosContext kwenye konstrakta kama kawaida.

```csharp
builder.Services.AddScoped<MlinganishoWaMalipo>();
builder.Services.AddHostedService<KaziYaMalipo>();
```

```csharp
public class KaziYaMalipo(IServiceScopeFactory skopu,
    ILogger<KaziYaMalipo> logu) : BackgroundService
{
    protected override async Task ExecuteAsync(CancellationToken ct)
    {
        using var saa = new PeriodicTimer(TimeSpan.FromMinutes(5));
        while (await saa.WaitForNextTickAsync(ct))
        {
            try
            {
                await using var s = skopu.CreateAsyncScope();
                var m = s.ServiceProvider
                    .GetRequiredService<MlinganishoWaMalipo>();
                await m.EndeshaAsync(ct);
            }
            catch (Exception e) when (!ct.IsCancellationRequested)
            {
                logu.LogError(e, "Mzunguko wa malipo umeshindikana");
            }
        }
    }
}
```

Mstari wa `CreateAsyncScope` lazima uwe ndani ya `while`. Wengi huuweka juu yake, kosa la laptop linaisha, wanafurahi, kumbe skopu ni ileile moja tangu asubuhi na namba za zamani zinarudi. `try` nayo si pambo: tangu .NET 6, hitilafu isiyodakwa ndani ya BackgroundService huzima programu nzima, wavuti ikiwemo. Usihofu pia mizunguko kupandana. Kazi ikichukua dakika 7, `PeriodicTimer` haianzishi mzunguko wa pili kabla wa kwanza haujaisha.

Halafu washa ukaguzi hata kwenye seva, ili kosa kama hili lijitokeze wakati wa kuwaka:

```csharp
builder.Host.UseDefaultServiceProvider(o =>
{
    o.ValidateScopes = true;
    o.ValidateOnBuild = true;
});
```

Jaribu kwanza kwenye seva ya majaribio, maana programu yenye makosa yaliyojificha itagoma kuwaka. Ukaguzi huu hauoni kila kitu. Usajili uliofanywa kwa lambda, mfano `AddSingleton(sp => ...)`, hauchunguzwi ndani wakati wa kuwaka, ukiomba humo kitu cha Scoped, hitilafu itatokea pale kitu hicho kitakapohitajika. Kontrola (klasi zinazopokea maombi ya wavuti) nazo kwa kawaida hazisajiliwi kwenye kontena, kwa hiyo ukisahau kusajili kitegemezi cha kontrola utapata "Unable to resolve service for type" siku mtu atakapofungua ukurasa huo.

Tahadhari moja. Usije ukaona `GetRequiredService` imefanya kazi hapa ukaanza kuisambaza `IServiceProvider` kwenye kila klasi. Hapa inaruhusiwa kwa kuwa huu ni mlango wa kuingilia, na hakuna ombi la wavuti la kukufungulia skopu. Ndani ya mantiki ya biashara ni tabia mbaya: anayesoma konstrakta hajui klasi inahitaji nini, na kosa la usajili linasubiri mpaka mstari huo ufikiwe. Konstrakta ikifika vitegemezi saba au nane, usiifiche kwa njia hiyo, igawe klasi.

Kuhusu intafesi: si lazima. Angalia usajili wa hapo juu, `MlinganishoWaMalipo` haina intafesi na DI inafanya kazi bila shida. Kuandika `IMlinganishoWaMalipo` yenye utekelezaji mmoja tu, ambao hautakuwa na mwenzake, ni kuongeza faili. Weka intafesi pale programu inapogusa ulimwengu wa nje, ambako kwenye majaribio utataka cha kuigiza: anayetuma SMS, anayezungumza na mtandao wa malipo ya simu. Kwa muda huhitaji kuiandika yako. .NET 8 imekuja na klasi `TimeProvider`, sajili `TimeProvider.System` kuwa Singleton, iombe kwenye konstrakta badala ya kuita `DateTime.Now`, na hapo utaweza kujaribu riba ya mwisho wa mwezi bila kusubiri mwezi uishe.