Muulize Mtunzi wa Ngoma Alichokiondoa

Ukienda kumhoji mtunzi wa ngoma, yule anayepanga hatua za wachezaji, na ukitaka kumfunga mdomo, muulize kazi yake ina maana gani. Atakupa yale yale yanayosemwa kila siku redioni, "tunahifadhi utamaduni", "tunawapa vijana mwelekeo", kisha mtabaki mnatazamana. Nimezungumza na watunzi wa kila namna hapa Malindi na kule Lamu: vijana wanaocheza hotelini usiku, kina mama wanaofundisha chakacha, ngoma ya kiuno ya wanawake, harusi zinapokaribia, wazee wa goma, ngoma ya wanaume ya Lamu, na wasanii wa dansi ya kisasa wanaoshuka kutoka Nairobi kutafuta nafasi ya mazoezi. Swali linalowafungua karibu wote ni moja: umeondoa nini?

Kiongozi mmoja wa kundi la hotelini alinijibu swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ngoma yao kubwa ni mwanzele wa Wagiriama. Kijijini, alisema, mtu huingia taratibu, hurudia hatua ile ile mpaka mwili upate moto, na hakuna anayetazama saa. Hotelini anapewa nafasi kati ya supu na kahawa. Kwa hiyo cha kwanza kuondoka kilikuwa marudio. Akaanzia pale mabega yanapotikisika kwa kasi, mahali ambapo kijijini hufikiwa wakati watu wameshatoka jasho. Kisha akawaondoa wazee, maana meneja alitaka sura changa. Mwisho akaongeza sarakasi, kwa sababu wageni hutoa bakshishi mtu akiruka, si mtu akitikisa bega.

Wapo wanaoidharau ngoma ya hotelini na kuiita ya bandia. Mimi siidharau. Kijana huyo amefikiria muda, mpangilio na macho ya mtazamaji kuliko wengi wenye vyeti vya sanaa. Ila la wazee namlaumu, na nilimwambia. Wazee huchelewa kidogo nyuma ya mdundo, na kuchelewa kule ndiko kunakoipa mwanzele uzito. Alicheka, akasema, "Dada, nenda ukamwambie meneja."

Swali la pili ninalolipenda ni la sakafu. Linaonekana dogo, lakini mchezaji yeyote atakwambia miguu yake inajua tofauti ya mchanga, saruji na vigae. Ngoma za Kigiriama zilizoea vumbi la uwanja. Ukizipeleka kwenye vigae, kisigino kinaumia na sauti ya mguu inabadilika. Hapo mtunzi ama anabadili hatua ama anabadili viatu, na sababu atakazokupa ndiyo makala yako. Germaine Acogny wa Senegali, mama wa dansi ya kisasa barani Afrika, ana ukumbi wenye sakafu ya mchanga katika shule yake ya École des Sables, kijijini Toubab Dialaw. Mwaka 2020 wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika walikuwa pale wakijifunza kazi ya mwaka 1975 ya Mjerumani Pina Bausch, ambayo huchezwa juu ya udongo uliomwagwa jukwaani. Korona ikafunga kumbi zote. Kabla ya kutawanyika, wakaicheza ufukweni na ikarekodiwa. Niliposimulia haya kwa vijana wa hapa wanaofanya mazoezi pwani maji yakipwa, swali lao la kwanza lilikuwa kama mchanga ule ni mkavu au mbichi. Hao ni watu wa kazi.

Bausch mwenyewe anafaa kutajwa unapozungumza na watunzi, kwa sababu ya namna alivyofanya kazi: aliwauliza wachezaji wake maswali, wao wakamjibu kwa mwili au kwa maneno, naye akachagua. Sehemu kubwa ya majibu ilitupwa. Mwalimu mmoja wa chakacha aliposikia hivyo alisema yeye hufanya hivyo hivyo. Huwaambia wasichana kila mmoja aje na mkato wake wa kiuno, halafu yeye huchagua mitatu tu ambayo bibi harusi hataionea haya. Mfano wa mtunzi wa mbali ukiutumia vizuri, yule wa karibu hujiona ni mwenzake, hajioni kama mtu anayefanyiwa utafiti.

Mara nyingine mfano hugonga mwamba, na hapo ndipo mazungumzo hunoga. Nilimsimulia mpigaji ngoma mmoja wa huku kwetu kuhusu Merce Cunningham wa Marekani, aliyeacha dansi na muziki vitungwe kila kimoja peke yake, vikutane siku ya onyesho tu. Mzee alinitazama kama nimemtania. "Sasa nani anamwita nani?" Kwake yeye mchezaji huomba na ngoma hujibu, au ngoma huamuru na mchezaji hutii, lazima mmoja amwite mwenzake. Tangu hapo simalizi mazungumzo na mtunzi bila kukaa na mpigaji pia. Katika makundi mengi ya huku yeye ndiye mtunzi nusu, na hakuna anayemhoji.

Lamu inahitaji subira nyingine. Goma la wanaume huchezwa kwa safu, kanzu na bakora, ngoma na zumari vikiongoza, na mgeni anaweza kuondoka akidhani wazee walikuwa wamesimama tu. Kazi yote iko kwenye kiwiko, kwenye bakora inayoinuka kwa pamoja, kwenye hatua ndogo ambayo safu nzima huipiga bila kutazamana. Wakati wa Maulidi, mji unapojaa watu wanaokuja Msikiti wa Riyadha, usimsumbue mwalimu wa goma kwa mahojiano. Tazama tu. Mfuate wiki nyingine, baada ya alasiri, umwombe akuonyeshe jambo moja: mkono. Ukimwomba akueleze goma lote atakwambia ni la kale, basi.

Ngoma za wanawake zina mlango wake. Vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti harusini, utazisikia hata njiani. Lakini chakacha ya ndani ni ya ndani, na mimi kuwa mwanamke hakunipi ruhusa ya kuandika kila nilichokiona. Huuliza waziwazi, "Bibi, hili naweza kuliandika?" na akisema hapana, ni hapana. Mwanaume anayetaka habari hizo amtume dada yake, tena bila simu ya kupiga picha.

Ruhusa ni suala la utunzi pia, si la adabu peke yake. Hapa Malindi sanamu ya Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama, ipo bustanini, na watu humkumbuka kwa hotuba na kwa kifaranga alichokitumia kama mfano mbele ya Waingereza. Mimi namkumbuka pia kama mtu aliyejua kuchagua ngoma. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata mpaka kwenye mikutano ya kuwapinga Waingereza. Angeweza kuchagua ngoma nyingine. Aliichagua ile ambayo Mgiriama haipitii akaendelea na safari yake. Nikikutana na mtunzi wa leo anayetaka kuweka kifudu jukwaani, namuuliza kama amekwenda kwa hawe yeyote, bibi wa Kigiriama, kuomba, na alijibiwa nini. Wengine wamejibiwa vizuri. Mmoja alikatazwa hatua fulani, akaacha pengo mahali pake, wachezaji wakisimama kimya kwa muda wa hatua ile. Ni sehemu bora ya kazi yake yote.

Sasa mambo madogo ya kazi. Nenda mazoezini kabla ya kwenda kwenye onyesho, maana mazoezini ndiko utakakomwona mtu akibadili mawazo. Usirekodi ufukweni wakati wa kusi. Utasikia upepo tu. Mtunzi akikuonyesha kitu kwa mkono, sema kwa sauti unachokiona, "mkono wa kulia umepanda mpaka sikioni, kiganja kimegeuka nje", kwa sababu simu haina macho ukirekodi sauti peke yake, na ukifika nyumbani utakuta "hivi... halafu hivi" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwache aseme Kigiriama au Kiamu, lahaja ya Lamu, akitaka. Nalipa nauli na chai, silipi maneno.

Na wawili wakidai mkato mmoja ni wao, jambo ambalo hutokea kila mara, naandika madai yote mawili na kuwatumia wote wawili kabla sijachapisha. Mmoja hununa. Nauli yake namlipa vilevile.