Iache Bendera, Lenga Katikati ya Grini

Jumamosi nimeshika kikombe cha mwezi klabuni kwetu hapa Dar. Miaka sita ya gofu, hendikapu 17 (mikwaju ya ziada ninayoruhusiwa kwa uwezo wangu), na ni mara yangu ya kwanza. Msomaji mmoja aliyeona picha akaniuliza nimenunua fimbo gani. Sijanunua fimbo. Nimebadilisha ninapolenga.

Mwaka jana kikombe hikihiki kiliniponyoka shimo la 17. Nilikuwa naongoza kwa mikwaju miwili. Zimebaki yadi 148, bendera ya shimo imechomekwa kulia kabisa mwa grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, na bwawa liko ubavuni mwake. Kedi wangu, yaani mbeba fimbo, mzee anayeujua uwanja ule kuliko sisi sote, akaniambia, "Bosi, twende kushoto, kuna nafasi." Nikamwambia nipe fimbo namba 7. Namba 7 yangu niliihesabia yadi 150 kwa sababu iliwahi kufika huko siku moja, upepo ukiwa mgongoni. Siku ile upepo wa bahari ulikuwa usoni. Mpira ukazama. Nikadondosha mwingine, nao ukazama. Nikaandika mikwaju 8. Mwenzangu wa kundi alicheka mbele ya makedi, na kicheko kile bado kinaniuma.

Usiku ule nilirudia kutazama Masters ya 2019, shindano kubwa la gofu la Marekani, shimo la 12 pale uwanja wa Augusta. Ni yadi 155 tu. Francesco Molinari, aliyekuwa anaongoza, mpira wake ukaishia kwenye kijito cha Rae's Creek. Brooks Koepka, Ian Poulter na Tony Finau nao majini hapohapo. Tiger Woods akapitisha wake juu ya banka (shimo la mchanga), kushoto, mbali na bendera. Pati mbili, yaani mikwaju miwili ya kuviringisha mpira kwenye grini, akapata pa (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo), na jioni akavaa koti la kijani la bingwa. Tiger anaikwepa bendera, wewe na mimi tunaikimbilia kwa lipi?

Ndugu zangu, tuache kiburi. Hata wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, wakipiga kutoka yadi 150, kwa wastani mpira husimama zaidi ya futi 20 kutoka shimoni. Lenga katikati ya grini. Hesabu umbali unaoupiga siku zote, usihesabu ule wa siku ya bahati. Mabwawa na mabanka mengi yako mbele ya grini, kwa hiyo ukisita kati ya namba 7 na namba 6, chukua 6, inayopeleka mpira mbali zaidi. Na ukipanda Arusha au Nairobi hesabu upya, maana hewa ya kule juu ni nyepesi na mpira unakwenda mbali zaidi.

Jumamosi bendera ilikuwa kulia tena. Safari hii nilimwuliza mzee kwanza. Namba 6, kushoto, hatua kumi na mbili kutoka shimoni, pati mbili.

Kwa hiyo kabla ya shindano lako lijalo, nenda mazoezini na mipira ishirini na namba 7 yako. Mitano iliyokwenda mbali zaidi usiihesabu kabisa. Pima iliyobaki, uandike, na karatasi hiyo ikae kwenye begi.