Muulize Fundi: Ngao ya Mfalme ina mwenyewe

Toleo lililopita tulichapa nembo ya Mfalme wa Uingereza bila maelezo, na wasomaji hawakutusamehe. Kwa kuwa nimekula chumvi nyingi katika kazi ya kuchonga mihuri, mhariri amenitupia barua zote. Nimechagua nne.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mume wangu ni Mwingereza, ukoo wao ni Smith. Amenunua kwenye intaneti ubao wenye ngao na kofia ya chuma, umeandikwa kuwa ni nembo ya ukoo wa Smith, na ameutundika sebuleni. Wifi yangu anasema ametapeliwa. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wifi yako ndiye mwenye haki, ila asimsute sana kaka yake, maana biashara hiyo imewanasa wengi. Nchini Uingereza ngao haiendi na jina. Kina Smith wamejaa nchi nzima, wengi wao hawana hata tone la damu moja, na ni baadhi tu ambao mababu zao walipewa ngao, kila mmoja ya kwake. Ngao hupewa mtu, kisha hurithiwa na watoto wake na kushuka kwa upande wa wana wa kiume. Mwenye duka alichofanya ni kuokota ngao ya Smith mmojawapo, pengine aliyekufa zamani, akawauzia kina Smith wengine wote.

Wanaotoa ngao halali ni College of Arms ya London, ofisi ya wapiga mbiu wa mfalme, yaani maofisa wake wa nembo, iliyopewa hati na Richard III mwaka 1484. Wako 13, na vyeo vyao hadi leo ni vya ajabu: kuna Garter, kuna Bluemantle, kuna Rouge Dragon. Unaomba, unalipa maelfu ya pauni, mnakaa na mmoja wao kupanga kitakachochorwa, halafu unakabidhiwa hati ya ngozi yenye mihuri inayoning'inia. (Mihuri hiyo ningeitazama siku nzima.)

Mwaka 2011, kabla ya Catherine kuolewa na Mwanamfalme William, baba yake, Michael Middleton, alipewa ngao kwa njia hiyo. Nusu ni buluu, nusu nyekundu. Katikati kuna utepe wa dhahabu uliokunjwa kama paa la nyumba, na pembeni yake matunda matatu ya mwaloni. Matunda matatu ni watoto watatu. Mwaloni ni mti unaoota kwa wingi Berkshire, walikokulia. Dhahabu inamtaja mama yao kwa fumbo, kwani alizaliwa katika ukoo wa Goldsmith, wafua dhahabu. Catherine mwenyewe, akiwa bado mwali, alipewa michoro hiyohiyo juu ya umbo la uru wa karata lililoning'inizwa kwa utepe wa buluu. Ngao ilihesabiwa kuwa kifaa cha vita, na wanawake hawakuhesabiwa vitani.

Usidhani hawa watu hufanya mzaha na mambo haya. Mwaka 1385 Richard II alikwenda kupigana Scotland, na katika jeshi lake mabwana wawili, Richard Scrope na Robert Grosvenor, wakajikuta wamebeba ngao ileile: uwanja wa buluu, utepe wa dhahabu ukiukata mshazari. Wakashtakiana. Kesi iliburutwa hadi 1390, na mashahidi walikuwa mamia. Mmoja wao alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer. Ushahidi alioutoa mwaka 1386 upo mpaka leo, na mimi naupenda kuliko mashairi yake: alisema alikuwa akipita Friday Street, London, akaona kibao kipya chenye ngao ile kimetundikwa nje ya nyumba ya wageni. Akauliza kama ni kina Scrope waliofikia pale. Akajibiwa hapana, kibao kimewekwa na bwana mmoja aitwaye Grosvenor. Chaucer akaieleza mahakama kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia jina hilo. Maskini Grosvenor!

Kwanza aliambiwa aibakize ngao ila aizungushie ukingo wa fedha. Scrope akakataa katakata, na mfalme akamuunga mkono: ukingo ni wa kutofautisha ndugu na ndugu, mgeni haumfai. (Ndivyo ilivyo hata Ikulu. William anatumia ngao ya baba yake, ila juu imewekwa tepe nyeupe yenye ncha tatu zinazoning'inia.) Grosvenor akaishia kuchukua mganda wa ngano wa dhahabu. Kizazi chake ndicho hiki cha Madyuki wa Westminster, na mganda wanao bado. Lakini kinyongo hakikuisha: mwaka 1880 Dyuki wa siku hizo alishinda mbio za Derby kwa farasi aliyempa jina la Bend Or, na hilo ndilo jina la utepe wa dhahabu katika lugha ya wapiga mbiu. Karibu miaka 500 baada ya hukumu!

Kwa hiyo mumeo aache ubao ukutani kama pambo, hakuna atakayemkamata. Asiuchonge kwenye pete tu wala kuupiga chapa kwenye barua zake. Akitaka kujua kama anayo ngao ya haki, aufuate ukoo wa baba yake hatua kwa hatua mpaka afike kwa mtu aliyeandikwa kwenye vitabu vya College of Arms. Na kama mna nyumba Scotland, muwe waangalifu zaidi, kwa sababu kule Lord Lyon, msimamizi wa nembo, ana mahakama yake kamili na anaweza kumtoza mtu faini.

SWALI: Kwenye nembo ya mfalme simba yuko huru, farasi mwenye pembe moja amefungwa mnyororo. Rafiki yangu Mskochi anasema Waingereza ndio waliomfunga. Ni kweli?

JIBU: Rafiki yako anasimulia hadithi tamu, ila tarehe zinamkataa. Wafalme wa Scotland walimtumia mnyama huyu akiwa na mnyororo tangu karne ya 15, hata wakapiga sarafu ya dhahabu yenye sura yake, na London wakati huo haikuwa na sauti kwao. Iliaminika kwamba hakuna mnyama mkali kama yeye na hakuna awezaye kumfuga; mfalme aliyejichora na mnyama huyo amefungwa alikuwa akijisifu mwenyewe.

Aliingia kwenye nembo ya Uingereza mwaka 1603, James VI wa Scotland aliporithi kiti cha Elizabeth I. Alimtoa joka mwekundu wa Wales aliyekuwa akiishika ngao zama za wafalme wa ukoo wa Tudor. Tazama mchoro kwa karibu: shingoni amevishwa taji kama kola, mnyororo umeshikizwa hapo, ukapita katikati ya miguu ya mbele na kutupwa mgongoni. Mchongaji mvivu huishia kifuani, na ukiona hivyo ujue kazi imelipuliwa.

Ngao yenyewe ina vyumba vinne. Cha kwanza na cha nne vina simba watatu wa dhahabu kwenye wekundu, nao ni England. Muhuri wa Richard I wa mwisho wa karne ya 12 tayari unao. Cha pili ni simba mwekundu wa Scotland, amesimama kwa miguu ya nyuma. Cha tatu ni kinubi cha Ireland, ambacho hakikuondolewa hata sehemu kubwa ya Ireland ilipojitenga mwaka 1922. Wales haina chumba.

Rafiki yako umpe na hili la kumfariji. Mfalme anapotumia nembo yake kule Scotland, mambo hugeuzwa: simba mwekundu anachukua vyumba viwili, na farasi wake anahamia upande wa heshima, akiwa na taji kichwani. Upande wa heshima ni wa kulia, lakini kulia kwa aliyeibeba ngao. Wewe unayetazama utauona kushoto kwako. Wengi huchanganyikiwa hapo. Sisi wachonga mihuri tunachonga kila kitu kinyume, hatusumbuki.

SWALI: Nimesoma kuwa nyekundu ni damu ya mashujaa na buluu ni uaminifu. Kila rangi ina maana yake?

JIBU: Hapana. Orodha hizo zilitungwa baadaye na waandishi waliopenda mafumbo. Kilichokuwa na nguvu ni kanuni moja: dhahabu na fedha ni madini, nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ni rangi, na usiweke madini juu ya madini wala rangi juu ya rangi. Sababu yake ni macho tu. Mtu aliyevaa deraya na kofia iliyofunika uso alitakiwa atambulike kwa mbali, kwenye vumbi. Buluu juu ya nyeusi haionekani.

Na kwa kuwa umegusia michoro, jua kwamba ngao halisi ni maneno. Mpiga mbiu huandika sentensi: uwanja rangi hii, mnyama huyu, amekaa hivi, kucha zake rangi ile. Mchoraji yeyote akiifuata hiyo sentensi, ngao ni ileile, hata simba akinenepa au kukonda. Ndiyo sababu ngao ya kifalme haijabadilika tangu Malkia Victoria alipoanza kutawala mwaka 1837, ilhali kila zama imeichora kwa mkono wake.

SWALI: Mzee, mwanangu aliniletea jamu ya Uingereza na kopo lina nembo ya mfalme. Mimi natengeneza sabuni na nataka kuanza kuuza London. Naweza kuweka nembo hiyo kwenye lebo?

JIBU: Usithubutu, ndugu yangu. Mwenye jamu hakujibandikia. Anayo hati ya kifalme, na haipati ila mtu aliyeiuzia nyumba ya mfalme bidhaa kwa miaka isiyopungua mitano. Haipewi kwa kutoa zawadi. Mfalme ananunua kama mteja mwingine. Ndani ya hati hutajwa mtu mmoja wa kampuni ambaye ndiye atakayeulizwa nembo ikitumiwa vibaya. Hati ina muda wake, ukiisha inaangaliwa upya, na jina kubwa halikulindi: Cadbury, waliopata hati ya kwanza kwa Victoria mwaka 1854, waliikosa mwaka 2024. Mfalme au malkia akifariki, wenye hati zake hupewa miaka miwili ya kuondoa nembo kwenye makopo, magari na vibao vyao.

Asiye na hati akiitumia nembo kibiashara kwa namna ya kuwafanya watu waamini ameidhinishwa, anavunja sheria ya alama za biashara ya mwaka 1994. Huwezi pia kuisajili kama alama yako.

Hata nembo za miji si za kuchezea. Mwaka 1954 jiji la Manchester liliushtaki ukumbi mmoja wa maonyesho kwa kuweka ngao ya jiji juu ya pazia la jukwaa na kwenye muhuri wa kampuni. Kesi ilipelekwa kwenye mahakama ya nembo, ambayo haikuwa imeketi kwa zaidi ya miaka 200, hivyo jaji alilazimika kuamua kwanza kama mahakama yake bado ipo. Akaona ipo. Jiji likashinda, ukumbi ukashusha ngao. Mahakama hiyo haijaketi tena tangu siku hiyo, ila haijafutwa.

Kwenye lebo yako weka alama yako mwenyewe. Ukipenda simba, chora simba, ila awe mmoja, asivae taji, na asiwe na mwenzake mwenye pembe upande wa pili. Kisha uisajili kabla ya kusafirisha hata katoni moja.